Kutu Haibishi Hodi: Somo la Kutunza Pikipiki Katika Msimu wa Mvua

Somo la toleo hili linawahusu hasa waendesha bodaboda wa upande wetu na wamotari wa upande wa Kongo, lakini linamhusu pia kila mzazi, mke au mfanyabiashara ambaye riziki yake hubebwa na magurudumu mawili. Tutazungumza juu ya kutu na matope.

Huenda wapo watakaouliza: je, polisi wamekuwa mafundi? La, hatujawa mafundi. Ila katika kazi yetu tumejifunza kwamba mambo mengi yanayofikishwa mbele yetu yakiwa ni ajali au tuhuma za wizi yalianza zamani, kimyakimya, kwenye chuma kilichoachwa na unyevu. Kwa sababu hiyo tunaanza kwa kisa.

Kijana na pikipiki nyekundu

Msimu mmoja wa mvua, katika kituo kimoja cha mpakani ambako baadhi yetu tulihudumu, ililetwa taarifa ya pikipiki nyekundu iliyoibwa usiku. Kesho yake tulimsimamisha kijana mmoja mwenye pikipiki ya aina ile ile na rangi ile ile. Namba yake ya usajili ilikuwa imefunikwa na matope, wala taa ya nyuma haikuonekana. Tulipofuta matope, namba ikasomeka, nayo haikuwa ile tuliyokuwa tukiitafuta. Lakini kila askari wa mpakani anajua kwamba kibao cha namba hubadilishwa kwa bisibisi katika dakika chache. Ikabidi tutazame namba iliyopigwa kwenye fremu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kijana yule alikuwa amebeba chumvi kwa muda wa miaka miwili. Kutu ilikuwa imekula shingo ya fremu, na katika herufi na tarakimu 17 zilizotakiwa kuwapo, tano za mwisho zilikuwa zimegeuka makovu tu. Kadi ya pikipiki aliiacha kwa mjomba wake, mbali. Hakuwa na nakala wala picha.

Kijana hakuwa mwizi. Lakini ilituchukua siku tatu kulithibitisha hilo, na katika siku hizo pikipiki ilikaa uani kwetu, naye alikaa bila kazi. Mdogo wake alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hatukufurahia hata kidogo, wala hatukuwa na njia nyingine, kwa maana mwenye pikipiki iliyoibwa naye alikuwa na watoto.

Kilichomwokoa kilitushangaza. Namba ya injini ilisomeka vizuri kabisa, nayo ikalingana na kadi ilipoletwa. Injini ile ilikuwa ikivuja mafuta kidogo kidogo, na utando wa mafuta ulikuwa umeikinga namba ile isiguswe na maji ya chumvi. Kasoro aliyokuwa akiionea haya mbele ya abiria ndiyo iliyomtetea. Tangu siku ile tumekuwa tukisema kwamba namba ya fremu inastahili kupewa kwa makusudi kile ambacho namba ya injini ile ilikipata kwa bahati.

Kutu ni nini, na kwa nini hapa kwetu ni kali

Chuma hakioti kutu kwa sababu ya uzee. Huota kutu pale kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Ukiondoa kimojawapo, kazi ya kutu husimama. Rangi, grisi na nta havina siri yoyote isipokuwa kwamba huzuia maji na hewa visikifikie chuma.

Chumvi haisababishi kutu peke yake, ila huiharakisha mno. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wakati wa baridi kali, hunyunyizwa chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na wenye pikipiki wa huko hupambana na kutu tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho. Sisi theluji yetu iko juu kabisa ya Rwenzori, wala haiteremki barabarani. Lakini chumvi tunayo. Ziwa Katwe limetoa chumvi tangu enzi za mababu, na magunia yake huvuka mpaka kila siku. Juu ya hayo wako samaki wa chumvi, ambao maji yao hudondoka juu ya fremu, spoku na mnyororo katika safari nzima.

Chumvi ina tabia nyingine ambayo ni vema kuijua: huvuta unyevu kutoka hewani. Pikipiki inaweza kuonekana kavu, kumbe chini ya keria na ndani ya madigadi punje za chumvi zinanywesha chuma usiku kucha. Matope nayo hufanya kazi kama kitambaa kilicholoweshwa, kwani hushikilia maji juu ya chuma siku nyingi baada ya mvua kukatika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa pikipiki ya mpakani, nguo hiyo ni tope lililokaukia chini ya keria.

Sehemu tatu zinazobeba uhai

Mtu akiona kutu kwenye bomba la moshi huona aibu. Aibu hiyo ni ndogo. Kuna sehemu tatu ambazo kutu yake hutoa roho.

Ya kwanza ni breki. Pikipiki nyingi za biashara hutumia breki za ngoma. Maji na matope yakiingia ndani ya ngoma, breki hupoteza nguvu kwa muda, na mchanga husaga breki shuu na ngoma yenyewe. Ukivuka dimbwi, kamata breki polepole mara kadhaa huku ukienda kwa mwendo mdogo, ili joto lake likaushe maji, kabla hujafika mteremkoni. Kebo ya breki ya mbele nayo hushika kutu ndani ya mpira wake. Ukiona mkono wa breki unarudi kwa uvivu, usingoje ukwame. Dondoshea mafuta mepesi ndani ya kebo, au ibadilishe.

Ya pili ni mnyororo. Mnyororo ulioshika kutu hukakamaa, hula meno ya sproketi, na siku moja hukatika. Ukikatika katika mwendo unaweza kujiviringisha na kufunga gurudumu la nyuma. Abiria aliyebeba mtoto hana la kufanya hapo.

Ya tatu ni taa na nyaya zake. Unyevu huleta ukungu wa kijani kwenye vichwa vya betri na viungo vya nyaya, taa zikaanza kupepesa, kisha zikazima. Tusisahau kwamba sisi tuko mahali ambapo upande wa kuendesha hubadilika: Uganda tunaendesha kushoto, Kongo wanaendesha kulia. Karibu na daraja, jioni, katika mvua, taa ndiyo lugha pekee ambayo madereva wa pande zote mbili wanaielewa.

Namna ya kuosha

Katika msimu wa mvua, pikipiki ya biashara ioshwe walau mara mbili kwa juma. Iliyobeba chumvi au samaki ioshwe siku hiyo hiyo, hata kama mwili umechoka. Utaratibu ni huu.

1. Acha injini ipoe. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipinda au kukipasua.

2. Mwagia maji safi mengi kabla hujashika kitambaa. Matope yana mchanga. Ukiyasugua yakiwa makavu unakwangua rangi, na kila mkwaruzo ni mlango wa kutu.

3. Anzia chini: ndani ya madigadi, chini ya keria, kwenye spoku, kwenye stendi na nyuma ya injini. Sehemu zisizoonekana ndizo zinazooza kwanza.

4. Tumia sabuni laini, kisha suuza vizuri. Sabuni kali ya unga ya kufulia huondoa nta ya rangi, na isiposuuzwa huacha mabaki yanayodhuru chuma.

5. Mashine ya maji ya nguvu usiielekeze kwenye beringi za magurudumu, shingo ya usukani, mnyororo, wala viungo vya nyaya. Maji yakisukumwa ndani ya beringi hufukuza grisi, na beringi huanza kufa siku hiyo.

6. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha washa injini na uendeshe mwendo mfupi ili joto na upepo vikaushe mahali ambapo kitambaa hakifiki. Jaribu breki kabla hujapakia mtu.

Tunaomba pia pikipiki zisioshwe ndani ya mto. Mafuta yanayotoka kwenye mnyororo na injini huteremka hadi mahali ambapo mama mwingine anachota maji ya kupikia. Chota kwa ndoo, oshea mbali na ukingo.

Namna ya kulinda

Baada ya kukauka, mnyororo usuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, ufutwe, kisha upakwe mafuta mazito ya gia au mafuta ya mnyororo upande wa ndani, huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Wako waliopoteza vidole kwa kupaka mafuta injini ikiwa inanguruma. Futa yanayozidi. Kisha pima ulegevu: ukiusukuma mnyororo katikati juu na chini, kwa pikipiki nyingi za biashara ucheze kati ya sentimita 2 na 3. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, kifuate hicho.

Bolti, nati, spoku na sehemu zilizochubuka zipakwe utando mwembamba wa grisi au nta. Vichwa vya betri visafishwe, vikazwe, kisha vipakwe vaselini kidogo. Palipokwisha kushika kutu pasifunikwe kwa rangi tu, maana kutu huendelea kula chini ya rangi kama mchwa ndani ya ukuta. Paswe kwanza kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kisha rangi ya awali ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Sheria hii ina mahali pamoja isipotumika, napo ni penye namba ya fremu. Tutaieleza hapa chini.

Wabebaji wa chumvi na samaki watandike turubai zito lililokunjwa kingo zake juu, ili maji yadondokee nje wala yasipite juu ya fremu. Usiku, pikipiki isifungwe kwa nailoni ikiwa imelowa, maana hapo unaufungia unyevu ndani. Ikiwezekana isimame juu ya sakafu au ubao, isisimame juu ya nyasi mbichi.

Makosa tuliyoyazoea

Kosa kubwa ni kupulizia mafuta machafu ya injini pikipiki nzima ili ing'ae. Mafuta yaliyotumika yana chembe za chuma na asidi. Hunasa vumbi na mchanga, na yakifika kwenye breki au tairi yanageuka mtego. Ngoma ya breki iliyolowa mafuta haikamati, hata mguu ukandamize namna gani.

Kosa la pili ni kuendesha safari fupi fupi tu, kisha kuzima. Ndani ya bomba la moshi hubaki maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, na bomba lisipopata joto la kutosha kuyakausha, huoza kutoka ndani. Kosa la tatu ni kuacha tangi nusu kwa siku nyingi wakati wa mvua. Unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone, na tangi hushika kutu mahali ambapo jicho halifiki.

Namba ya fremu: ushahidi wako

Sasa turudi kwa kijana wetu. Pikipiki inayofuata utaratibu wa kimataifa hupewa namba yenye herufi na tarakimu 17, na kwa kawaida hupigwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Haina herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Pikipiki nyingi za Bajaj kutoka India huanza na MD2, na zile zilizotengenezwa China huanza na L. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama wa INTERPOL, ambayo ina hifadhi ya taarifa za vyombo vya moto vilivyoripotiwa kuibwa, na vyombo hivyo hutafutwa kwa namba hiyo. Tarakimu moja ikikosekana, jibu linakuwa la mashaka. Pikipiki yako ikiibwa na kuonekana ng'ambo, namba hiyo ndiyo itakayosema kwamba ni yako. Na ukisimamishwa wewe, ndiyo itakayosema kwamba hukuiba.

Kwa hiyo fanya mambo manne.

Kwanza, safisha namba hiyo kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, ikauke, kisha ipake utando mwembamba wa grisi safi au vaselini. Rudia kila baada ya kuosha. Kazi hii haichukui hata dakika mbili.

Pili, usiipige msasa, usiikwangue kwa brashi ya waya, wala usiifunike kwa rangi nzito. Mafundi wetu mnaopaka rangi na kuchomelea, tunawaomba mlishike hili kuliko yote. Namba iliyosagwa, hata kwa nia njema, haitofautiani machoni mwetu na ile iliyosagwa na mwizi.

Tatu, ipige picha leo, ungali unaisoma, pamoja na namba ya injini na kadi ya pikipiki. Mpe ndugu mmoja nakala, na uandike namba hizo katika daftari la steji yenu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, ukiona namba imeanza kufifia, njoo kituoni na kadi yako kabla hatujakusimamisha, ili ukaguzi uandikwe na uelekezwe kwenye ofisi inayosajili vyombo vya moto. Usimwendee mtu akupigie namba upya uchochoroni. Kufanya hivyo kunaweza kukugeuza mtuhumiwa juu ya mali yako mwenyewe.

Na wewe unayetaka kununua pikipiki iliyotumika, pangusa shingo ya fremu kabla hujahesabu fedha. Ukikuta kutu imemaliza namba, au rangi mpya mahali hapo peke yake, muuzaji akueleze mbele ya mwenyekiti wa LC 1. Akikataa, weka fedha zako mfukoni.

Maswali ya kujadiliana steji

1. Kati yetu, nani anaweza sasa hivi kusoma namba yote ya fremu ya pikipiki yake? Twendeni tukazitazame pamoja.

2. Katika mizigo tunayobeba, ni upi unaodondosha chumvi, nao hudondokea sehemu gani?

3. Mara ya mwisho breki ilipokataa kukamata baada ya dimbwi, tulifanya nini? Tulipaswa kufanya nini?

4. Tunaosha wapi, na nani anachota maji chini yetu?

5. Daftari la steji lina namba ngapi za fremu, na nani analitunza?

Ndugu wasomaji, hatuwezi kusimama katika kila dimbwi kumshika mkono kila mwendeshaji. Lakini ndoo moja ya maji safi, kitambaa kikavu na grisi ya kidole kimoja vimo ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu. Yule kijana bado anabeba chumvi. Tunapokutana naye barabarani, hujitangulizia mwenyewe kuelekeza tochi ya simu kwenye shingo ya fremu, nasi husoma tarakimu zile kumi na mbili zilizobaki, ziking'aa kwa grisi, huku akitoa mfukoni picha ya tano alizozipoteza. Tunampisha aende na riziki yake. Tungependa kila mmoja wenu apite vivyo hivyo, akiwa nazo zote 17.